Hodi ya Muuguzi: Majibu kwa Wasomaji wa Mwanza na Visiwani

Barua za safari hii zimetoka hasa kwa watu wa aina mbili: wauguzi wanaotoka zahanati kwenda kuwahudumia wagonjwa majumbani, na ndugu wanaobaki na mgonjwa mara muuguzi anapopanda tena pikipiki au mtumbwi wake. Nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu kila upande unahitaji kusoma jibu lililoandikwa kwa upande wa pili. Nimefanya uuguzi wa jamii kando ya ziwa hili kwa miaka mingi, na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba tunaandika kwa makini kuhusu saa moja ya wiki ambayo muuguzi yupo, kisha tunanyamaza kuhusu saa 167 zilizobaki, ambazo mgonjwa huwa mikononi mwa binti au mkwe ambaye hakuna aliyemfundisha chochote.

Kidonda cha kulalia kisichopona

*Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Ukerewe. Kila Alhamisi namtembelea mzee wa miaka 71 aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi, na sasa ni mwezi wa nne. Amepata kidonda juu kidogo ya makalio, nacho kinazidi kupanuka. Kila nikifika nakuta kimepakwa spiriti na kunyunyiziwa unga wa kapsuli za antibayotiki. Nimekataza mara tatu. Mara ya mwisho mtoto wake mkubwa aliniambia kwamba kama nataka kidonda kipone nije kila siku, kwa kuwa mimi ndiye ninayelipwa. Niliondoka na hasira, na nakiri sikutamani kurudi. Nifanye nini?*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kidonda, kisha huyo kaka.

Kidonda cha kulalia hakianzi juu ya ngozi kama kidonda cha kujikata. Kinaanza pale mfupa unapoigandamiza nyama dhidi ya godoro kwa muda mrefu mpaka damu isipite, na nyama iliyokosa damu hufa. Kwa sababu hiyo hakuna dawa ya kupaka itakayokiponya wakati mgonjwa angali amelalia mahali palepale. Spiriti inaunguza nyama mpya ambayo mwili unajitahidi kuiotesha. Unga wa kapsuli hukauka na kuwa gamba, usaha ukabaki chini yake bila kuonekana, na juu ya hayo unawazoesha vimelea dawa ambayo mzee anaweza kuihitaji kesho. Hayo unayajua. Swali ni kwa nini familia haikukusikiliza mara tatu, na nadhani jibu ni kwamba uliwanyang'anya kitu walichokuwa wakikifanya bila kuwapa kingine cha kufanya badala yake. Watu wanaompenda mzee wao hawawezi kukaa wiki nzima wakikitazama kidonda bila kukigusa.

Alhamisi ijayo usianze kwa kufungua mkoba. Uliza ni nani anayeamka usiku. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikizungumza na mkuu wa kaya tu, nikampa maelekezo yote barazani, yeye akitikisa kichwa kwa heshima. Ilinichukua wiki sita kugundua kwamba anayemgeuza mgonjwa ni mke wa mdogo wake, tena peke yake, na mtoto mchanga mgongoni, na kwamba neno langu hata moja halikuwa limemfikia. Mtafute mtu wa namna hiyo katika nyumba hiyo, kaa naye chini, umwonyeshe kwa mikono yako, kisha naye afanye mbele yako mpaka nyote wawili mridhike.

Mwonyeshe kumgeuza mzee mchana kutwa kila zinapopita saa 2, si kumlaza ubavu kabisa, bali kumwinamisha kidogo, na mto au blanketi lililokunjwa likiwa nyuma ya mgongo, ili uzito usiangukie kwenye mfupa wa nyonga. Visigino visiguse godoro: weka nguo iliyokunjwa chini ya misuli ya miguu ili vibaki hewani. Wanapomsogeza wasimburute, maana kuburuta huchuna ngozi, bali watu wawili wamnyanyue kwa kanga au shuka iliyotandikwa chini yake. Mahali palipokuwa pekundu pasisuguliwe, hata kwa mafuta. Na ile duara ya kitambaa ambayo wengi humkalishia mgonjwa iondolewe, kwa kuwa inabana damu kuzunguka kidonda badala ya kuisaidia. Kama saa ya ukutani haipo, tumieni mambo ya kila siku yanayojirudia, kama vile uji wa asubuhi, adhana, taarifa ya habari ya redio au muda wa kivuko kuondoka. Bandikeni karatasi ukutani, na kila anayemgeuza achore mstari mmoja.

Kuhusu usiku nitasema jambo ambalo baadhi ya walimu wangu wasingelipenda. Ukimwamuru mwanamke anayelima mchana kutwa aamke usiku kila zinapopita saa 2, kwa miezi, ataacha kabisa baada ya siku chache. Kama mgonjwa ana godoro zuri la sponji, na kila mnapomgeuza mnaikagua ngozi na hamwoni wekundu unaobaki mkiubonyeza kwa kidole, usiku anaweza kugeuzwa kila zinapopita saa 4. Wekundu ukionekana, mnaupunguza.

Kidonda chenyewe kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, kisha kifunikwe kwa shashi safi yenye unyevunyevu na kubadilishwa inapolowa au kuchafuka. Huo ndio utakuwa mbadala wa spiriti, nao mikono yao itakuwa imepata kazi. Kipime kila wiki kwa rula, urefu na upana, uandike na tarehe, kwa sababu macho yetu yanasahau. Mzee akipata homa, kidonda kikianza kunuka, kikiwa na nyama nyeusi, wekundu ukisambaa au akianza kuweweseka, hapo si kazi ya nyumbani tena; aende Nansio hospitalini siku hiyohiyo.

Usisahau chakula. Nyama haioti pasipo protini, na huku kwetu protini ya bei nafuu ipo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: dagaa waliosagwa vizuri wakachanganywa kwenye uji ni msaada mkubwa. Lakini kwa mgonjwa wa kiharusi kwanza hakikisha anameza salama. Akalishwe wima, apewe kidogo kidogo, na kama anakohoa au sauti inakuwa ya majimaji kila anapokunywa, mpeleke akapimwe. Uliza pia vidonge vya presha, kwani wengi huviacha mara vilivyotolewa hospitali vinapokwisha, wakidhani ni dozi iliyomalizika.

Sasa huyo kaka. Maneno yake yalikuwa makali, lakini ndani yake mna ukweli ambao hutaki kuusikia: ziara moja kwa wiki haiponyi kidonda. Mwambie hivyo waziwazi, kwamba ni kweli wewe huwezi kukiponya, na kwamba ndiyo maana umekuja kuwafundisha wao. Mara nyingi mtoto mkubwa anayefoka ndiye anayehesabu gharama usiku. Na katika kumbukumbu zako usiandike "ndugu hawana ushirikiano". Sentensi hiyo humfuata mgonjwa kila anapopelekwa na kumfunga muuguzi atakayekuja baada yako. Andika kilichotokea: nani alifundishwa nini, alionyesha kuweza nini, nini kimewashinda na kwa sababu gani.

Nimejichoma sindano

*Mimi ni muuguzi Misungwi. Nikiwa nyumbani kwa mgonjwa nilijichoma sindano niliyokwisha kuitumia. Ni siku ya pili sasa, sijamwambia mtu kwa aibu.*

Nimekujibu kwa simu siku uliyoandika, lakini nalichapisha jibu kwa ajili ya wengine. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulimwagia jiki. Dawa za kujikinga na VVU huanza ndani ya saa chache ikiwezekana, wala hazianzishwi baada ya saa 72, na humezwa kwa siku 28 bila kukosa. Siku ya pili bado muda upo, ya nne haupo. Pimwa siku hiyohiyo, na uulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi 3 na ambayo kila anayeshika sindano angepaswa kuwa ameipata kabla ya kuanza kazi. Usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Beba kisanduku cha taka za ncha kali mpaka kando ya kitanda, wala usikiache kwenye pikipiki. Na aibu haina nafasi hapa: ajali ya kazini ni taarifa ya kazini, na isipoandikwa hakuna atakayejua kwamba mkoba wako hauna kisanduku.

Usiku, kisiwani, peke yangu

*Ninafanya kazi katika zahanati ya kisiwa kimojawapo upande wa Buchosa. Usiku mmoja mama alijifungua salama, kisha kondo la nyuma likagoma kutoka na damu ikawa nyingi. Mganga mfawidhi alikuwa safarini na ziwa lilikuwa limechafuka. Nilimpa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nikamwekea dripu, na baada ya kusubiri nikalitoa kondo kwa mkono kama nilivyofundishwa. Mama yu hai. Wiki iliyofuata kiongozi mmoja aliniambia nilivuka mamlaka yangu na kwamba angekufa ningepoteza leseni. Tangu hapo naogopa zamu za usiku. Je, nilikosea?*

Mwenzangu, pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa wiki iliyofuata.

Kazi yetu inaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na leseni yako iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, si chini ya kiongozi aliyekutisha. Kuondoa kondo lililobaki kwa mkono ni mojawapo ya huduma 7 za dharura za msingi za uzazi zinazotambuliwa duniani, pamoja na kumpa mama oksitosini, antibayotiki na dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Mkunga aliyefundishwa na kuhakikiwa kufanya jambo hilo, akalifanya wakati mama anatokwa damu na hakuna njia ya kumfikisha kwa mwingine, hajavamia kazi ya mtu. Angekaa mikono kifuani akisubiri upepo utulie, hapo ndipo ningemwandikia barua ya namna nyingine.

Hata hivyo sitakuambia kwamba uko salama kabisa, kwa sababu sijui uliandika nini. Muuguzi wa kisiwani hana shahidi mwingine ila karatasi. Saa ya kujifungua, saa ya oksitosini na kiasi chake, saa uliyopiga simu na jina la aliyepokea, presha na mapigo ya moyo kila baada ya dakika 15, hali ya ziwa kama nahodha alivyokueleza, saa uliyoamua kuingiza mkono na sababu, antibayotiki uliyompa, hali ya kondo lilipotoka kama lilikuwa zima au limekatika: vyote hivyo viwe vimeandikwa usiku uleule, kabla hujalala. Kama hukuandika, andika sasa na uweke tarehe ya leo. Usijifanye umeandika siku ile. Kisha muombe muuguzi mkuu wa wilaya, kwa barua, akutajie ni huduma zipi za dharura unazoruhusiwa kuzitoa hapo kituoni na lini utapewa mafunzo ya kujikumbusha. Jibu lake, lolote litakalokuwa, litakusaidia.

Naomba niongeze mambo matatu ya kazi yenyewe, maana damu baada ya kujifungua haisubiri. Tunaikadiria vibaya kwa macho, hasa ikinywewa na kanga. Tunaona kidogo kuliko kilichotoka. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za nchi 4, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kukinga damu kwa plastiki yenye alama za vipimo, kisha kufanya hatua zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine, yaani kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, dripu na kuchunguza damu inatoka wapi, kulipunguza kwa asilimia 60 kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake makubwa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji daktari bingwa. Pili, oksitosini hukaa katika nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kabatini wakati wa joto inaweza kuwa maji matupu wakati mama anaihitaji, kwa hiyo iweke kwenye jokofu la sola la chanjo, ndani ya kisanduku chake chenye alama, isichanganyike na chanjo. Misoprostoli, vidonge vinavyokaza mfuko wa uzazi, haihitaji ubaridi, nayo iwe akiba yako.

Tatu ni boti. Safari ya dharura hupangwa mchana, kabla ya dharura. Mfumo wa usafiri wa m-mama, ambao majaribio yake yalianzia huku kwetu Sengerema na kule Shinyanga kabla haujasambazwa nchi nzima, hupokea simu kwa namba 115, na ni wajibu wako kujua leo kama kuna mwenye boti wa kisiwa chako aliyesajiliwa, mafuta yanakaa kwa nani, na nani atakwenda na mama kwa ajili ya kuchangia damu. Tunashukuru kwamba daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na anayetoka Sengerema kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza hasubiri tena foleni ya kivuko. Lakini daraja hilo halifiki kisiwani kwako, na mpango wa boti usipokuwapo, kilomita zile tatu za lami hazitamsaidia mama wa kisiwa kama Kome.

Walijuaje kwamba natumia dawa?

*Mimi ni mvuvi wa dagaa. Nilichelewa kuchukua dawa zangu za ARV, akaja muuguzi kambini na sare yake, akaniulizia kibanda kwa kibanda. Jioni ile kila mtu alijua. Mwenye mtumbwi ameniambia nitafute kazi kwingine. Nina haki gani?*

Kaka yangu, ulitendewa vibaya, na nia njema ya muuguzi haibadilishi hilo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inatutaka tutunze siri ya hali yako. Kuna kuitoa siri kwa mdomo, na kuna kuitoa kwa sare, kwa faili lililobebwa mkononi, na kwa swali linaloulizwa mbele za watu. Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo unachochukulia dawa ueleze kwa maandishi. Usiporidhika, lalamiko linaweza kufikishwa kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa Baraza. Pia sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya VVU, na jambo hilo linamhusu mwenye mtumbwi.

Lakini kabla ya hayo rudi kwenye dawa. Mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Ukiwa imara unaweza kuomba upewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, ili uende nazo kambi yoyote.

Kwa wauguzi wenzangu wanaosoma barua hii: mwulizeni mvuvi anavuaje kabla hamjampangia tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika giza. Mwezi unapokuwa mkubwa taa hazivuti dagaa, na wavuvi wengi hupumzika au hurudi makwao. Nimeona kliniki zikipangwa kila tarehe 15 kwa mwaka mzima, kisha wavuvi wanaandikwa watoro, ilhali kama tarehe ingefuata mwezi wa angani badala ya kalenda ya ofisini, nusu ya kazi ya kuwatafuta isingekuwapo. Ikibidi kumtafuta mtu, anza kwa simu aliyoridhia mwenyewe kupigiwa, vaa nguo za kawaida, na ukifika mwaloni mwulize kama unavyomwulizia jamaa yeyote, bila kutaja unakotoka. Afadhali zaidi tembelea kambi nzima kwa kupima presha na kugawa dawa ya kichocho, ili hodi yako isiwe na maana moja tu.

Je, uuguzi wa jamii ni kazi ya daraja la chini?

*Ninasomea uuguzi hapa Mwanza. Wenzangu wanasema wanaopelekwa kwenye jamii ni walioshindwa wodini, na kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuifanya kazi hiyo. Ni kweli?*

Si kweli, mwanangu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaijua kaya kuliko wewe utakavyoijua, naye ndiye atakayekuambia kwamba mama fulani ameacha kliniki; mheshimu na umsikilize. Kazi yake ni kuelimisha, kutambua na kuunganisha. Yako ni kupima, kuamua, kutibu kwa mipaka ya leseni yako na kuwajibika kwa uamuzi huo. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa Liverpool, Uingereza, William Rathbone, alimlipa Mary Robinson, muuguzi aliyekuwa amemwuguza mkewe mpaka kufa kwake, akawahudumie maskini majumbani mwao. Kwa hali aliyoikuta huko alitaka kuacha kazi hiyo kabla ya miezi mitatu aliyoajiriwa kwisha. Aliendelea, na uuguzi wa majumbani wa Uingereza ulianzia hapo. Wodini ukikosea kuna jicho la mwenzako kitanda cha pili. Nyumbani ni wewe, mgonjwa, taa ya sola na kuku anayepita. Nenda ukiwa umeiva.

Mofini ya mama

*Shikamoo. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Ameruhusiwa kutoka hospitali akiwa na chupa ya mofini ya kunywa. Kaka yangu ameificha, anasema ni dawa ya kulevya na kwamba wanaopewa hiyo hufa. Jirani anasema tumpe maumivu yakizidi tu. Usiku mama analia. Pia kuna harufu, naye ana aibu, hataki wajukuu waingie.*

Marahaba mwanangu. Soma jibu hili pamoja na kaka yako, na umwachie alisome mwenyewe.

Mofini haikuletwa ili kumharakisha mama. Inatolewa kwa sababu ugonjwa una maumivu ambayo vidonge vya kawaida haviyafikii, na mgonjwa anayeitumia kwa kiasi alichoandikiwa, kwa ajili ya maumivu halisi, hageuki mlevi. Watu wameiona ikitolewa karibu na kifo kwa sababu hospitali na familia huichelewesha mpaka hapo.

Jirani naye amekosea, ingawa kwa huruma. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa 4 kwa saa maalumu, hata kama wakati huo mama anasema hajambo, kwa sababu hajambo huyo ameletwa na dozi iliyotangulia. Ukisubiri maumivu yarudi utahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Soma kibandiko pamoja na muuguzi wako: chupa hutofautiana nguvu, na mililita 5 za chupa moja si sawa na mililita 5 za nyingine. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano kupimia, si kijiko cha chai.

Siku mbili tatu za kwanza mama anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, kisha hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile mofini inapoanza. Kama hukupewa, irudie hospitali uiombe. Akisinzia mpaka haamshiki, au akipumua polepole kupita kawaida, usimpe dozi inayofuata, mpigie muuguzi. Chupa ifungiwe mbali na watoto, lakini ufunguo uwe kwako wewe unayekesha.

Kuhusu harufu, mama asione aibu, kwani inatokana na bakteria wanaoishi katika nyama iliyokufa, si uchafu wake. Mwambie muuguzi au daktari, kwani dawa ya metronidazoli huipunguza sana, na katika vidonda vya saratani inaweza hata kusagwa na kuwekwa mahali penyewe kwa maelekezo yao. Msomaji aliyesoma jibu langu la kwanza atashangaa kwamba hapa nakubali unga wa kidonge. Tofauti ni kwamba kidonda cha kulalia tunataka kipone na sababu yake ni mgandamizo, lakini hapa tunaondoa harufu ili wajukuu warudi chumbani. Badilisha vitambaa mara kwa mara, fungua dirisha, na umwogeshe kwa maji ya uvuguvugu nusu saa baada ya dozi, wakati hana maumivu.

Binti zako na za kaka yako wenye miaka 9 hadi 14 wapelekwe wakachanjwe dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani hii. Ni dozi moja, bila malipo.

Na kuhusu usiku anaolia: muulize aliyeiandika dawa kama dozi ya wakati wa kulala inaweza kuwa mara mbili ya ile ya kawaida, kwani kwa wagonjwa wengi hufanywa hivyo ili dozi ya usiku wa manane irukwe. Akikubali, mpe saa 4 usiku, mgeuze upande usiomuuma, kisha nawe ulale mpaka alfajiri.